Picha ya Ubongo Wangu na Bega la Baba

Jumamosi, Februari 2006

Joto la leo si la mchezo. Upepo umekatika tangu asubuhi na nguo zimegandana na mwili. Nnaandika haya kwenye duka la intaneti lililo mtaa wa pili kutoka kwetu, hapa Mji Mkongwe, baada ya sala ya alasiri. Mama aliyekaa kwenye kompyuta ya jirani ameshanigeukia mara tatu. Mara ya kwanza alidhani namwita.

Simwiti. Ni shingo yangu tu.

Kwa atakayesoma shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi naitwa Nasra, nina miaka thelathini na sita, ni karani wa masjala katika ofisi moja mjini. Tangu nina miaka saba mwili wangu hufanya mambo ambayo sikuutuma. Kope hupepesa, bega la kulia huruka, shingo hujivuta upande, na koo hutoa sauti fupi kama ya mtu aliyetaka kukohoa akaghairi. Madaktari huziita tiki. Kwetu nyumbani ziliitwa "michezo ya Nasra".

Si kifafa, wala akili haijaniruka. Kabla ya bega kuruka hutangulia kitu mfano wa mwasho, ila hauko kwenye ngozi, uko ndani. Fikiria unataka kupiga chafya. Unaweza kuizuia kidogo, ukiminya pua na kushika pumzi. Lakini haiondoki. Inangoja.

Leo nimekwenda Kiembe Samaki kwa Baba. Nilikwenda kugombana naye.

Hilo niliseme wazi, maana nilipokuwa njiani nilikuwa nikijidanganya kwamba nnakwenda kumjulia hali. Nilivaa vizuri, nikabeba tende na halua. Chini ya halua niliweka bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya ubongo wangu.

Picha hiyo nilipigwa Maskati mwaka jana, nilipokwenda kumtembelea mama mdogo. Jirani yake ni daktari, mwanamke wa makamo, wazee wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha bibi yake, kizuri na cha zamani. Siku ya pili tu, tukinywa kahawa, aliniona bega. Hakugeuza uso kama watu wengi wanavyofanya kwa adabu. Aliniuliza tangu lini. Kisha akaniambia yeye na wenzake wanawatafuta watu kama mimi, na wengine wasio na tiki, wawaweke kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo ukiwa unafanya kazi. Wanataka kujua ubongo unautumaje mwili usogee, na unauzuiaje usisogee.

Mama, Mungu amrehemu, alininywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, mpaka nikaijua ladha yake kuliko ya chai. Nilifukizwa, nilisomewa, nilipelekwa kwa mganga wa shamba aliyesema nimekaliwa na jini. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia anataka kuangalia. Wote walitaka kuondoa.

Nikakubali siku hiyo hiyo.

Walinivua bangili, herini na pini za mtandio, kwa sababu sumaku ile haitaki chuma. Nikalazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa kikafungwa ndani ya kitu kama kizimba, nikasukumwa ndani ya bomba jeupe. Mashine inapiga kelele kama mtu anayegonga mabati kwa nyundo. Mbele ya macho kulikuwa na kioo kidogo. Taa ya kijani ikiwaka, nigusanishe dole gumba na vidole vingine, kimoja kimoja. Ikiwaka nyekundu, niache. Baadaye wangenitaka niache tiki zije zenyewe, kisha nizizuie.

Sharti kubwa lilikuwa moja: kichwa kisitikisike.

Mimi, kichwa kisitikisike.

Mara ya kwanza shingo iliruka kabla hata taa haijawaka. Wakaanza upya. Ikaruka tena. Mara ya tatu nilisikia sauti ya daktari kwenye spika ikisema tupumzike, nikajua nimeharibu. Nilianza kulia humo humo ndani ya bomba, machozi yakiingia masikioni, na sikuweza kuyafuta.

Walinitoa. Daktari alikuja akakaa ubavuni mwa kitanda.

"Bi Nasra, usilie. Kama shingo yako ingekuwa inakusikiliza, tungekuitia nini?"

Nikacheka huku nalia. Akaniuliza kama kuna kazi yoyote ninayoifanya mwili ukatulia. Nikamwambia kushona kofia. Nikishika kofia nikaanza kuzungushia uzi kitundu kimoja cha nakshi, kisha kingine, saa nzima hupita na bega halijaruka hata mara moja. Sijui kwa nini.

"Basi ukirudi ndani," akasema, "baina ya taa na taa, shona."

Nikashona. Sikuwa na sindano wala uzi, nilishona kwa macho tu. Nilimaliza upande mzima wa kofia ya kaka yangu ndani ya bomba lile, na wao wakapata picha zao.

Siku chache kabla sijarudi, daktari aliniita nione. Kwenye kompyuta palikuwa na ubongo wangu, kijivu, umekunjamana, na juu yake madoa ya rangi ya chungwa. Akanionesha ulipokuwa unagusanisha vidole. Akanionesha ulipokuwa unajizuia. Huku mbele, akasema, kuna sehemu zinazoshika breki, na ndani kabisa kuna vifundo vinavyochuja harakati, ipi ipite na ipi ibaki. Wanadhani kwa watu kama mimi mchujo ule unavujisha, na breki inafanya kazi ya ziada.

"Wewe ukikaa kimya tu," akaniambia, "ubongo wako unabeba magunia."

Sijawahi kuambiwa neno lililonipendeza kama hilo. Nilimwomba anichapishie picha, akanichapishia. Lakini aliniambia na jambo jingine, na hapa ndipo penye kosa langu. Aliniambia picha ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Madoa yale ni hesabu za kompyuta, lazima yalinganishwe na ya watu wengi, na hata hapo watakuwa wamejifunza kidogo tu. Nisiende nayo mahali nikaiita ushahidi.

Nilimsikia vizuri. Kisha nikaipakia kwenye sanduku kama ushahidi.

Kesi yangu ni hii. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa mwandiko mzuri na kanzu isiyo na kunyanzi. Hakuamini mambo ya majini. Yeye alisema ni utovu wa adabu. Wageni wakija na bega langu likaruka, alinitazama mara moja, nami nilijua: nende nikasimame nyuma ya mlango wa ukumbini mpaka wageni waondoke. Nilisikia vicheko vyao na vikombe vyao. Wakishaondoka, Baba huja na fimbo ya henzirani. "Nilikwambia uache." Kiboko kimoja kwa kila mshtuko aliouhesabu.

Na yeye alikuwa mtu anayehesabu vizuri.

Basi leo nilikuwa na hotuba. Nimeipanga wiki tatu. Ningemwekea picha mapajani nimwambie: Baba, tazama, hiki ndicho ulichokuwa ukikipiga.

Nilimkuta ukumbini, peke yake. Kaka Seif alikuwa sokoni, wifi yangu jikoni na harufu ya pweza wa nazi imejaa nyumba. Baba amekaa pale anapokaa siku zote, pembeni kabisa ya kochi, bega la kulia limeegemea ukuta.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

"Nshakunywa chai."

Tukaulizana habari za joto, za umeme, za goti lake. Kisha nikatoa bahasha. Koo lilikuwa linatoa ile sauti yake mfululizo, kama linavyofanya nikiwa na hofu. Sikuweza kuianza hotuba. Nikajikuta namweleza tu. Nikamweleza bomba, taa, kelele za mabati, nilivyolia, nilivyoshona kofia kwa macho. Alisikiliza miwani ikiwa imeshuka puani, na picha ameishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika barua isiyokuwa yake.

"Na madoa haya?"

"Hapo nilikuwa najizuia."

Akaisogeza karibu na dirisha.

"Kwa hiyo mashine hii," akasema, "inamwona mtu anayejizuia? Hata akiwa kwa nje ametulia kabisa?"

"Ndivyo wanavyojaribu kuona."

"Hata kama hakuna aliyepata kumjua?"

Nikamwambia ndiyo, nadhani hata huyo.

Baba aliweka picha juu ya kochi. Akavua miwani. Kisha akasogea mbali na ukuta, kidogo tu, kiasi cha shubiri moja, na bega lake la kulia likaruka.

Likaruka tena. Shingo ikajivuta upande. Kope zikapepesa kwa nguvu, na kooni mwake ikatoka ile sauti fupi. Sauti yangu, lakini ya mwanamume, nzito. Iliendelea kwa muda, moja juu ya nyingine, kama maji yaliyokuwa yamezibwa. Mimi nilikaa nimeduwaa. Nilikuwa sijawahi kuiona kwa nje. Mtu haioni yake.

"Tangu nina miaka sita," akasema ilipopungua. "Babu yako alikuwa na fimbo ya mtende. Nikajifunza kuibana. Wakati wa kazi nilikuwa natoka kwenda chooni, naifungulia huko, narudi. Nyumbani pia."

Tulikuwa tukidhani Baba ana tumbo baya. Mama alikuwa akimchemshia majani ya mpera.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Miaka yote ile, Baba?"

"Miaka thelathini na nane. Amekufa hajui."

Kisha akanieleza, taratibu, bila kuniangalia. Alisema siku aliponiona nina miaka saba natikisa bega alijua imetoka kwake. Aliingiwa na hofu kubwa. Yeye aliipata kwa fimbo ile breki yake, hakuijua njia nyingine. Akadhani akinipiga sana na mapema, nami nitaipata, na watu hawatanicheka.

"Sikuiweza, Baba."

"Hukuiweza." Bega likaruka. "Na mimi pia sikuiweza. Nilijificha tu."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Katika hadithi watu wangekumbatiana. Lakini hii ni shajara yangu na sitaidanganya.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Mtu asiyejua nilikuwa nimeshaanza kumsamehe, kidogo kidogo, bila kumwambia. Asiyejua ana udhuru. Huyu alijua! Alijua mwasho unavyokuwa, alijua kwamba haushikiki, na bado alihesabu. Nilisimama nikamwambia, "Wewe ndiye mtu pekee katika dunia hii uliyekuwa unanijua, na ukaniweka nyuma ya mlango." Sauti yangu ilikuwa ndogo. Koo langu lilikatiza sentensi mara mbili.

Nikatoka nje.

Nilisimama uani penye kamba za nguo, kanga za wifi zimekauka zamani na hakuna aliyezianua. Nikazianua mimi. Nikazikunja moja moja. Ndege ilipita chini chini ikienda kutua uwanjani, kila kitu kikatetemeka, na mimi nikaendelea kukunja. Sikuwa nafikiri kitu chochote cha maana. Nilikuwa naona tu uso wake ule wa dakika chache zilizopita, kope zikipepesa, na jinsi baada ya kumaliza alivyopumua. Pumzi ile naijua. Ni ya mtu aliyetua mzigo na anajua atatakiwa aubebe tena.

Kanga zilipokwisha nikarudi ndani. Sikuwa na pengine pa kwenda, na wifi alikuwa anaita chakula.

Kaka Seif ameshafika. Tukakaa mkekani, Baba, Seif, wifi na mimi. Seif amenizidi miaka miwili; yeye ndiye aliyekuwa akiniigiza mbele ya marafiki zake, bega na sauti na kila kitu, na leo ni mtu mzima, tumeyasahau, au tunasema hivyo. Alikuwa anaeleza bei ya samaki. Baba ananawa mikono. Hakukaa karibu na ukuta.

Bega likaruka, maji yakamwagika mkekani.

"Baba, vipi? Unaumwa?"

Likaruka tena, na ile sauti ikatoka. Seif akaweka tonge chini. Akanitazama mimi, kama kwamba nimemwambukiza. Wifi akabaki na upawa hewani.

"Siumwi," Baba akasema. "Ndivyo nilivyo. Tangu mtoto."

"Tangu mtoto vipi? Mbona hatujapata kuona?"

"Kwa sababu nilikuwa mwoga, Seif. Mwenzako hapa alikuwa nayo wazi, nami nikampiga kwa ajili hiyo." Akapangusa maji yaliyomwagika. "Sikumtendea haki dada yako. Nalisema mbele yenu wote."

Hatukulelewa na mzee anayesema maneno kama hayo. Seif aliinamia sahani yake. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni, nami nadhani alikuwa anakumbuka mambo yake mwenyewe.

Aliyetuokoa ni wifi. "Bismillahi, kuleni, wali unapoa," akasema, akamwekea Baba mkono wa pweza anaoupenda.

Tukala. Ndiyo, tulikula, na nilikuwa na njaa. Baba alimwaga wali kidogo mara mbili, nami nilipiga sahani kwa kiwiko mara moja, na wifi alizoa bila neno. Mwishoni Seif aliuliza polepole kama inauma. Alituuliza mimi na Baba kwa pamoja, hakumtaja mtu. Baba akaniangalia, akaniachia nijibu. Nikasema haiumi yenyewe. Kinachouma ni kuizuia.

Seif akatikisa kichwa. Akaenda kunawa, na alikaa huko muda mrefu.

Nilipoaga, Baba alinisindikiza mpaka barazani. Alitembea mbele yangu na bega lake likiruka kila hatua chache, na jirani aliyekuwa anamwagilia mchaichai alitazama, na Baba akamtolea salamu kama kawaida, akaitikiwa. Basi. Haikuanguka mbingu. Mlangoni akasema bila kunitazama:

"Ile mashine ya Maskati. Inachukua na wazee?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia ni lazima kichwa kisitikisike.

"Kutotikisika nnakujua," akasema. "Hiyo ndiyo elimu yangu."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka, na yeye akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba nimekasirika, nikaondoka.

Sasa nimekaa hapa na sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nilikwenda na picha yenye madoa ya rangi nikidhani ndiyo itakayosema, na kumbe daktari alikuwa sahihi, picha ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Alitakiwa na mtu wa pili.

Sijamsamehe. Naliandika hili ili kesho nisije nikajifanya nimesahau. Ninayo haki ya kukasirika na nitakaa nayo kwa siku zake. Lakini pia kuna kitu kingine kimekaa pembeni ya hasira, na bado sijakipa jina. Miaka ishirini na tisa nilidhani mwili huu umeniangukia mimi peke yangu. Mama alitafuta jini aliyeniingia, tukamzungukia Unguja nzima kwa kombe na ubani, na mwenye jibu alikuwa ukumbini anasoma gazeti. Namhurumia Mama. Namhurumia na yule mtoto wa miaka sita mwenye fimbo ya mtende juu yake, ambaye sikupata kumjua, na ambaye kwa bahati mbaya alikuja kuwa Baba.

Je, mtu anaweza kumhurumia mtoto na akabaki na hasira na mzee? Nadhani anaweza. Leo nimeweza.

Kabla ya kuanza kuandika haya nimempelekea daktari barua pepe. Nilimsalimia, nikamwombea heri kwa kazi yake, nikamweleza kuna mtu Unguja, mwanamume wa miaka sabini na moja, anauliza kama wanapokea wazee. Nikaeleza kwamba amezizuia tiki kwa miaka sitini na tano na huenda hawatapata bingwa wa kujizuia kama yeye. Nilipofika pa kutaja ni nani kwangu, vidole vilisita kidogo. Kisha nikaandika: "Ni baba yangu, na anazo kama mimi."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Katika maisha yangu yote sijawahi kupata mahali pa kuyaandika maneno hayo mawili, kama mimi.

Muda wangu hapa dukani umebaki dakika tano na magharibi inakaribia. Kesho nitaamka na hasira yangu ikiwa ipo, sawa. Na nitaangalia kama barua imejibiwa.